Kuchapa vitambaa kwa kibao nyumbani: rangi ipi ununue, ipi uachane nayo

Wengi wakianza wanahangaika na kibao, kichongwe kwenye mti gani, ua likae vipi, kumbe hata soli ya kandambili iliyokatika ukiichonga kwa wembe inatoa ua safi tu. Kazi iko kwenye rangi. Mi nilianza na rangi ya ukuta iliyobaki tulipopaka chumba hapa Mtwara, nikachapa vitambaa sita vya meza, vikapendeza balaa, kufuliwa mara mbili tu rangi ikapasuka kama tope la kiangazi na kitambaa chenyewe kigumu kama boksi.

Unachotafuta ni rangi ya maji ya kitambaa, ile yenye binda, yaani gundi inayoshikisha rangi kwenye uzi ukishapiga pasi. Kabla hujazunguka madukani nenda kwa vijana wanaochapa tisheti, uliza wanatumia nini, maana kuna ya maji na kuna plastisoli, yaani wino wa plastiki. Plastisoli haikauki kwa hewa hata uianike wiki nzima, inataka moto wa kama digrii 160, hiyo waachie wenyewe. Ya maji mwombe akupimie kikopo. Wakiwa hawana agiza Kariakoo ije na basi, binda yake na vichupa vya pigmenti, yaani rangi yenyewe kali, unachanganya mwenyewe, ila usizidishe pigmenti ukaipunja binda, itachuja.

Akriliki ya wachoraji nayo inafaa ukiichanganya na dawa yake ya kitambaa inayoilainisha, wanaiita fabric medium, peke yake inakakamaa. Wino wa mafuta upo pia, ule ulioandikwa ni wa kitambaa hautaki pasi lakini kukauka ni wiki na zaidi, na mvua zetu za Desemba mpaka Aprili usipime. Wino wa maji wa karatasi unaishia wote kwenye beseni.

Halafu kuna atakayekwambia mafuta ya maganda ya korosho yanaweka doa lisilotoka. Doa kweli halitoki, ila yale mafuta yanababua ngozi, waulize waliowahi kubangua kwa mkono. Usithubutu.

Sasa joto letu: rangi ya maji inakaukia kwenye kibao kabla hujakigandamiza. Chapa asubuhi mapema, zima feni, tia matone mawili matatu ya glisarini, hii hii ya kupaka mwilini. Rangi iwe nzito kama mtindi, ipake kwenye kibao kwa kipande cha sponji la godoro, usichovye, ukichovya inajaa kwenye michongo na ua linakuwa doa. Chini ya kitambaa tandika blanketi.

Kitambaa kiwe pamba. Choma uzi mmoja, ukiungua kama karatasi ni pamba, ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu ni poliesta. Kitambaa cha marekani kikiwa kipya kifue kwanza kitoke wanga, la sivyo rangi inashika wanga badala ya uzi.

Ikishachapwa iache siku nzima, kisha pasi kavu ya moto upande wa nyuma, dakika tatu mpaka tano kila sehemu, usiitulize mahali pamoja ikaunguza. Pasi ya mkaa inafaa, angalia tu majivu. Na anza na kipande cha majaribio: kifue kwa sabuni, kisugue na kitambaa cheupe kibichi. Cheupe kikichukua rangi, rudia pasi, ikikataa tena ongeza binda.