Kuchukua simu kwa mtoto bila kuzua msiba

Mteja akiniletea simu iliyopasuka kioo, huwa namuuliza imekuwaje. Hapa Mbagala kuna jibu nalisikia sana: "Mtoto kairusha." Kairusha kwa nini? "Si nilimnyang'anya!" Na mimi nyumbani nina wawili, wa miaka minne na wa miaka miwili, kwa hiyo haya naandika kama fundi simu na kama baba. Yanamhusu mtoto wa chini ya miaka sita. Wa darasa la nne ana mambo yake.

Vurugu yote iko kwenye kukata. Mtoto akiwa anaangalia ametulia tuli, hata ukimwita haitiki. Zamani televisheni ilimaliza yenyewe: katuni zikiisha inaingia taarifa ya habari, na sijaona mtoto aliyemlilia mtangazaji. Video za mtandaoni hazina mwisho. Moja haijaisha vizuri, nyingine imeshajipanga, kwa hiyo saa yoyote utakayochukua simu utakuwa umemkatiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani walifuatilia familia zenye watoto wadogo, na mwaka 2016 wakaeleza jambo ambalo wazazi wengi hawakulitegemea: lile onyo la "bado dakika mbili" liliendana na kilio zaidi. Mambo yalikuwa mepesi pale kuzima kulipokuwa sehemu ya ratiba ya kila siku, au pale kipindi kilipoisha chenyewe.

Basi mwisho utengeneze kabla hujawasha. Pakua katuni mbili za dakika kumi hivi, ziwe ndani ya simu, kisha zima data. Kama unatumia YouTube, zima ule mtindo wa video kujifuatisha yenyewe. Swichi yake utaikuta kwenye video au ndani ya mipangilio. Mwonyeshe mtoto unachofanya. Kwangu huwa namwambia, "Leo tuna ya sungura na ya treni. Zikiisha unaniletea simu." Anachagua ipi ianze. Ya pili ikifika mwisho skrini inatulia, hakuna mtu aliyemkatiza. Akiniletea naipokea hapo hapo, hata kama naongea na mgeni, na namshukuru kama ninavyomshukuru mtu mzima. Ukimwambia "subiri kidogo", atarudi nayo chumbani na atapata namna ya kuanza upya.

Kama kidole chake kinapenda kutangatanga, ibane simu kwenye programu moja. Android nyingi zina hicho kitu, kipo kwenye mipangilio upande wa usalama. iPhone nayo inacho, kinaitwa Guided Access, na unaweza kukiwekea muda kabisa. Halafu achana na kufungua simu kwa kuchora mstari. Kidole kinaacha alama ya mafuta kwenye kioo, mtoto akiinamisha simu kwenye mwanga anaiona njia yote. Weka namba. Alama ya kidole ni nzuri, ila usilale fofofo karibu naye.

Sasa, kitakachofuata baada ya simu ni muhimu kuliko simu yenyewe. Wazazi wengi tunampa mtoto simu, kisha tunaichukua ili akafanye kitu asichokipenda: kunyolewa, kumeza dawa, kulala. Hapo hata mimi ningelia. Pangilia ili simu itangulie kitu anachokitamani. Wangu anapewa saa kumi jioni, kabla watoto wa jirani hawajatoka kucheza uani. Katuni zikiisha, kelele za mpira zinamwita zenyewe, mara nyingi anaacha hata ya pili haijaisha. Siku ya mvua naandaa beseni la maji na vikopo mlangoni kabla sijawasha simu, alione. Usiku hapana. Zima saa nzima kabla ya kulala, kwa sababu mwanga na msisimko vinamfukuza usingizi, na mtoto aliyekosa usingizi atakusumbua kesho yake kwa kila kitu.

Akilia je? Atalia tu, hasa mwanzoni. Chuchumaa uwe sawa na uso wake, sema maneno machache: "Umekasirika. Ulitaka nyingine. Zimeisha." Baada ya hapo nyamaza, kaa karibu. Usihutubie, maana mtoto anayegaragara hasikii hoja. Na simu isirudi. Ukimrudishia baada ya robo saa ya kilio, umemfundisha bei: robo saa. Kesho atalipa robo saa, na siku ukijikaza zaidi ataongeza. Ndiyo maana ukianza msimamo mpya kilio hukua kwanza ndipo kipungue. Wengi wanakata tamaa hapo hapo kilipofika kileleni, wakidhani njia imeshindikana.

Akirusha kitu au akipiga, shika mkono wake bila kumuumiza, mwambie "hatupigi", na simu ionekane tena kesho. Jirani atakuambia mchape. Mimi sichapi, fimbo inaleta kilio cha pili juu ya kile cha kwanza, na bado hajui afanye nini na hasira yake.

Kazi ngumu zaidi ni watu wazima wa nyumbani. Mtoto akinyimwa na baba anakwenda kwa dada wa kazi, akinyimwa na dada anakwenda kwa bibi. Dada ana ugali jikoni na mtoto amemng'ang'ania gauni, unategemea afanye nini? Usimkataze simu ukamwacha mikono mitupu. Kwetu mtoto anapewa sinia la maharage achambue, au sufuria kuukuu na mwiko. Maharage yanamwagika, tunaokota.

Kwa bibi hakuna amri. Nilimwamkia mama, nikakaa, nikamweleza. Akanijibu, "Mwanangu, akinililia nimfanyeje? Mimi simuwezi." Tukakubaliana awe na kitochi cha kupigia, ile simu kubwa ikae kwangu hadi jioni. Amefurahi, anasema chaji haiishi. Jambo tuliloacha wote ni kumwambia mtoto "simu imezima", kwa sababu haipiti dakika mbili inaita.

Kuhusu kiasi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Simu ya video na shangazi aliye Muscat mimi siihesabu humo.

Na msiifanye simu kuwa dawa ya kila hasira. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliotoka mwaka 2022, wa watoto wa miaka 3 hadi 5, uliona kwamba waliokuwa wakitulizwa kwa simu mara kwa mara walionyesha milipuko zaidi ya hisia miezi iliyofuata, hasa wavulana na wale wepesi wa hasira tangu awali. Basi la kwenda Mbeya ni habari nyingine. Mpe, umesafiri salama.

Mtoto wa miaka miwili ambaye haunganishi maneno mawili, au ambaye haitiki jina lake hata simu ikiwa imezimwa, mpeleke kliniki ya watoto sasa, usingoje kwanza umpunguzie katuni.

Kama unataka kuanza, anza Jumamosi ukiwa nyumbani mchana kutwa. Usianze Jumatatu asubuhi ukamwachia dada kilio cha siku ya kwanza. Ijumaa usiku pakua katuni zako mbili, jaza chaji, na waambie wote wa nyumbani, hata mjomba anayepita kusalimia, simu zao zikae mifukoni.