Somo: Kuhifadhi ngozi ya ndege bila manyoya kunyonyoka

Anayejifunza kazi hii hukilaumu kisu manyoya yanaponyonyoka, ilhali kosa mara nyingi lilitendeka kabla kisu hakijaigusa ngozi. Ndege akishakufa, bakteria wa utumboni huanza kuiozesha ngozi ya tumbo, na vitundu vinavyoshika mashina ya manyoya hulegea. Kwa mazoezi tumia kuku. Manyoya ya njiwa hutoka upesi hata akiwa hai, na ndege wa porini huhitaji kibali.

Hatua ya 1. Mpoze ndege mara tu anapokufa. Usimfunge mfukoni angali na joto, kwa kuwa manyoya hulizuia joto hilo lisitoke. Ziba mdomo na kinyeo kwa pamba, laza manyoya, kisha mgandishe. Siku ya kazi, barafu iyeyukie ndani ya jokofu, si juani.

Hatua ya 2. Pasua ngozi peke yake kutoka kidarini hadi karibu na kinyeo, ukinyunyiza unga wa mahindi ili unyonye damu. Isukume ngozi kwa kidole, usiivute. Tenganisha miguu, mkia na mabawa kwenye viungo, kisha igeuze ngozi kama soksi hadi kichwani, utoe macho na ubongo.

Hatua ya 3. Kwangua mafuta yote, hasa kwa bata, kwani yanayobaki huchacha, huiunguza ngozi polepole na kuyatia manyoya umanjano. Osha kwa maji baridi na sabuni ya vyombo, suuza, kisha puliza hewa isiyo moto mpaka malaika, yaani manyoya laini ya ndani, yasimame. Paka boraksi (unga mweupe wa madini) upande wa ndani, jaza pamba, shona.

Maswali ya wanachama

Manyoya ya tumbo yameanza kutoka. Je, boraksi itayarudisha?
Hapana. Boraksi husaidia kukausha na kufukuza wadudu, lakini haikazi kilichokwisha kulegea. Acha kuosha, kausha haraka, kisha gundisha unyoya mmoja mmoja.

Nimerithi ndege wa kale mwenye unga mweupe. Nimpanguse?
Usimguse bila glavu wala kumpuliza. Tangu Mfaransa Jean-Baptiste Bécœur abuni sabuni ya aseniki katika karne ya 18, mafundi wengi waliitumia, na sumu hiyo haiishi nguvu kwa kukaa miaka mingi.

Wadudu wadogo wametoboa ngozi kavu ya ndege wangu. Nifanyeje?
Ifunge mfukoni bila kuacha upenyo, uiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na usiufungue mfuko mpaka ubaridi wake uishe kabisa, la sivyo unyevu utatua juu ya manyoya.