SOMO: Rangi ya injini, kuongeza nguvu na joto la pikipiki

Wakuu, hapa tunazungumzia injini za kupozwa kwa upepo, cc 100 hadi 150, zile zinazobeba magunia ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni kupandisha milima ya Mwanza. Mlimani mzigo mzito, mwendo mdogo, upepo hautoshi kupoza mapezi ya silinda (yale mabamba membamba yanayoizunguka). Wapo wanaodhani kupaka rangi kunapoza injini, lakini rangi haileti upepo.

1. Injini ikiwa baridi, toa tope na oili iliyoganda katikati ya mapezi kwa mafuta ya taa na brashi laini ya waya. Kwangua rangi ya zamani. Hatua hii peke yake hupoza kuliko rangi yoyote.

2. Piga msasa namba 240, futa kwa thina. Plagi ibaki imefungwa. Ziba kabureta na bomba.

3. Tumia rangi ya kustahimili nyuzi 600, nyeusi isiyong'aa. Mikono miwili myembamba, dakika 15 katikati. Ukiona imejaa kwenye kona za mapezi, futa uanze upya, kwa sababu rangi nene inazuia joto kutoka. Ilale usiku mzima. Kesho washa dakika 10, ipoe kabisa, kisha dakika 20. Ukiondoka nayo moja kwa moja kazini, itababuka.

4. Nguvu sasa. Ukifungua bomba la moshi au kutoa chujio, hewa inaongezeka lakini petroli haiongezeki vya kutosha, na hapo ndipo pistoni zinapoungua. Chujio lirudishe, vumbi linakula ringi. Kwa bomba lililo wazi, ongeza jeti kubwa (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) hatua moja, mfano namba 105 iwe 107.5. Panda mlima usio na magari ukivuta mafuta hadi mwisho, bana klachi na uzime palepale, toa plagi. Kauri ya plagi nyeupe kama chaki: petroli haitoshi. Rangi ya chai ya maziwa: sawa. Masizi makavu: imezidi.

5. Kuchonga silinda ya kipenyo cha milimita 56 ipanuke milimita 0.50 kunaongeza ukubwa wa injini chini ya asilimia 2. Hiyo ni dawa ya silinda iliyolika, nguvu usiitegemee. Fundi akibana sana nafasi ya pistoni, itanasa ikipata moto.

MASWALI

Mkuu, nyeusi si inavuta jua?
Inavuta kidogo sana ukilinganisha na moto wa ndani, na nyeusi isiyong'aa inatoa joto vizuri.

Tepu ya joto kwenye bomba inapoza injini?
Hapana, inakinga mguu. Bomba lenyewe linachemka zaidi, na maji ya mvua yakinaswa chini ya tepu linaoza kwa kutu.

Nikitoka safari naosha moja kwa moja ufukweni, kuna shida?
Ipo, kaka. Maji baridi kwenye silinda ya moto yanaweza kupindisha hedi (kifuniko cha silinda) au kuipasua, gasketi ikaanza kuvuja. Subiri mpaka kiganja kivumilie kukaa juu ya mapezi, na uoshee mbali na ziwa, oili isiingie majini.