Kabla programu yako haijagusa AVX, iulize mashine kwanza

Ukigawa programu hapa Mwanza ujue mashine za wateja hazifanani kabisa, wa Kirumba ana desktop ya mtumba ya miaka hiyo, wa Nyegezi kanunua laptop mpya juzi, na umewapa faili lile lile. Ukikompaili kwa AVX2 (toleo la pili la AVX, yaani amri za chipu za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo) ukaacha hivyo hivyo, kwa yule wa Kirumba inazima ghafla (Linux inaiua kwa SIGILL, ishara kwamba chipu imekutana na amri isiyoijua) na yeye atasema tu programu yako mbovu.

Usikisie kwa jina la chipu. Ni kweli AVX ilikuja na chipu za Intel za Sandy Bridge 2011 na AVX2 na Haswell 2013, ila kuna Pentium na Celeron za familia hizo hizo zilitoka bila AVX. Iulize chipu yenyewe, amri ni CPUID.

Weka EAX = 1 (EAX, EBX na ECX ni rejista, visanduku vidogo vya namba ndani ya chipu), ita CPUID, kisha cheki ECX. Biti ya 28 ndo AVX. Wengi wanaishia hapa na ndo wanapoumia, maana chipu kuwa nayo haitoshi: rejista za AVX zina upana wa biti 256, na mfumo endeshi ukihama toka programu moja kwenda nyingine lazima uzihifadhi zote na kuzirudisha, sasa kama haujui kufanya hivyo hauziwashi, na ukizigusa unakufa vile vile. Windows 7 bila SP1 iko hivyo, na mitaani bado zipo jamani.

Kwa hiyo cheki pia biti ya 27 ya ECX, OSXSAVE, inayosema mfumo endeshi umewasha uhifadhi huo wa rejista. Ikiwa 0 achana nayo. Ikiwa 1, ita XGETBV (amri inayosema rejista zipi mfumo endeshi umeziwasha) ukiwa na ECX = 0, chukua EAX & 6, jibu lazima liwe 6 kamili. Usianze na XGETBV kabla ya biti 27, yenyewe pia itakuzimia.

AVX2 iko EAX = 7, ECX = 0, biti ya 5 ya EBX, ila kwanza CPUID ya EAX = 0 ikuhakikishie kwamba 7 ipo.

Mvivu kama mimi anatumia __builtin_cpu_supports("avx2") ya GCC au Clang za siku hizi, inacheki vyote. Kwenye simu za Android zenye chipu za ARM hakuna CPUID, huko ni getauxval(AT_HWCAP).

Uliza mara moja tu programu inapowaka, uweke jibu, na ubakize njia ya SSE2 (amri za zamani kabla ya AVX) maana kila x86 ya biti 64 inayo. Kutesti huhitaji kutafuta mashine mbovu, washa Linux yako na noxsave (inazima uhifadhi wa rejista za AVX) kwenye mstari wa kernel uone kama inaangukia SSE2 bila kelele.