Siku nne za Sikukuu mjini, na watoto saba mkononi

Nyumba yangu iko Kikwajuni, hapa mjini Unguja, Zanzibar. Kutoka mlangoni hadi uwanja wa Mnazi Mmoja, penye shamrashamra za Sikukuu, ni mwendo wa miguu tu, na kwa sababu hiyo kila Idi naletewa watoto. Wapo wa dada yangu wa Wete, Pemba, wapo wa kaka yangu wa Makunduchi, na hawakosi mmoja wawili ambao hata sijui wameingiaje kwenye hesabu. Mwaka jana walikuwa saba. Wa dada wananiita khalati, wa kaka wananiita shangazi, na ikifika saa mbili usiku wote kwa pamoja wananiita "nataka kukojoa". Kwa hiyo haya ninayoyasema kuhusu kutembeza watoto Sikukuu nimeyalipia.

Mambo yote yaanze kabla ya mwezi kuandama. Usingoje tangazo la Mufti ndipo uende sokoni Darajani, maana usiku ule Darajani hapapitiki, na bei ya kiatu cha mtoto inapanda huku umekishika mkononi. Viatu vinunuliwe mapema, na wavivae ndani ya nyumba siku mbili tatu. Kiatu kipya kinachovaliwa kwa mara ya kwanza siku ya mosi kitakuwa mkononi mwako kabla ya Magharibi, na mwenyewe utakuwa umembeba mgongoni.

Halafu chenji. Tafuta sarafu za 500 na noti za 1,000 wiki moja kabla, dukani unakojulikana. Asubuhi ya Sikukuu watoto wa mtaa mzima watakupitia, "Shikamoo, nipe sikukuu yangu", na ukiwa na noti za elfu kumi tupu, ama utajificha chumbani ama utafilisika. Wale wangu nawapa kidogo kidogo, fungu la kila siku peke yake. Mtoto akipewa za siku nne kwa mpigo, siku ya mosi jioni atakuwa na miwani mitatu ya plastiki, bastola ya maji, na senti hana.

Siku ya mosi msiende mbali. Watu wazima wamechoka na sala, pilau na wageni, na watoto hawakulala tangu usiku. Wape chakula cha mchana, walale kwa nguvu, waogeshe baada ya Alasiri, ndipo muende Mnazi Mmoja mkatembee saa moja na nusu, mrudi. Pale kuna kila kitu cha kumtoa mtoto akili: baluni, ubuyu, malai (aiskrimu), chipsi, wanasesere, na firimbi ambazo mie ningekuwa na madaraka ningezipiga marufuku. Chakula waleni nyumbani kwanza. Mtoto mwenye njaa hachagui, anataka vyote.

Sasa la kupotea. Mwaka mmoja kijana wa dada yangu, wakati huo ana miaka saba, alinichopoka mkononi pale penye msongamano. Nilimtafuta mpaka buibui likanivuka kichwani. Nikamkuta amekaa juu ya ndoo kwa muuza malai, anakula malai ya pili, ya bure, anaelezea habari za Wete kama balozi. Alikuwa hajui kama kapotea. Tangu siku hiyo nina kanuni mbili. Ya kwanza, nambari ya simu naiandika kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto, ndani ya kiwiko, kwani kwenye kiganja jasho huifuta. Ya pili, kabla hatujaingia uwanjani nawaonyesha Beit el Amani, lile jumba jeupe la kuba ambalo hata mtoto akiinua macho analiona. "Ukinikosa, nenda kasimame pale, usiende kwengine." Usiwaambie wakutane na wewe "pale penye muuza baluni". Muuza baluni anatembea.

Siku ya pili ndiyo ya pembea, kwenye viwanja vya Kariakoo ya hapa Unguja. Nendeni mapema, saa kumi hivi, kabla foleni haijawa ndefu. Kwanza pembea, kisha vyakula, wala usigeuze. Nimewahi kugeuza. Gauni la njano la mtoto wa kaka yangu lilinunuliwa kwa pesa nyingi, na kachori ilirudi yote juu yake. Wenzetu wa Pemba mnaokwenda kwenye pembea za Tibirinzi, pale Chake, hili linakuhusuni vilevile. Na kama mnatoka shamba na mnarudi siku hiyo hiyo, muulizeni dereva wa gari wakati wa kushuka kwamba ya mwisho inaondoka saa ngapi. Sikukuu magari hujaa haraka, na kuvuta watoto watano gizani si burudani.

Forodhani, bustani ya ufukweni, naiweka siku ya tatu, jua likizama. Waangalie kwanza vijana wanaojitosa baharini kutoka ukutani, hiyo ni sinema ya bure. Kisha kula. Uliza bei kabla hujaagiza, hata kama muuzaji anakuita mama. Mantabali moja, ile wageni wanayoiita pizza, inatosha watoto wawili, na urojo bakuli moja wagawane. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi iwe ya mwisho. Watakuuliza pia mbona Beit al Ajaib, lile jumba la kihistoria la hapo Forodhani, imekuwa vile. Waambie ukweli, kwamba sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Wangu wakubwa walinyamaza kidogo, kisha wakauliza kama kuna pweza.

Na taarabu? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukisikia kuna taarabu usiku wa Sikukuu, uliza kwanza: ni asilia, ile ya zamani, au ni rusha roho, ile ya kisasa? Rusha roho ina raha yake, lakini si ya kumpeleka mama yako na mtoto wa miaka tisa. Kwa familia tafuta asilia, vikundi kama Ikhwan Safaa, ambao wapo tangu 1905 na wengi tunawaita Malindi, au Culture Musical Club, wa tangu 1958. Kadi ikisema saa tatu, fika saa tatu upate kiti, lakini moyo wako uwe saa nne. Wadogo chini ya miaka minane waachwe nyumbani na mtu. Mie humpa kazi hiyo mpwa wangu mkubwa na humlipa, maana na yeye ana Sikukuu yake.

Wanaokwenda waelezee mapema kwamba mwanzo hakuna mwimbaji. Litapigwa bashrafu, yaani ala peke yake: ganuni, udi, fidla na akodioni vinajibizana bila maneno. Mara ya kwanza binti wa kaka yangu aliniuliza kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia, "Shangazi, mwimbaji kachelewa?" Sasa nawahadithia njiani habari za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mtoto wa Fumba aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wakifika ukumbini wanasikiliza kwa adabu, angalau nyimbo mbili.

La mwisho ni kumtuza mwimbaji. Noti ikunje ndogo, uishike tangu umekaa, usianze kufungua mkoba ukiwa umesimama mbele za watu. Ubeti ukikugusa, inuka, nenda taratibu kwa mwendo wa ngoma, umtie mwimbaji mkononi, urudi zako. Lakini sikiliza maneno kabla hujainuka! Mwaka fulani niliinuka kwa sababu fidla ilinichoma tu, kumbe ubeti wenyewe ni kijembe kuhusu mtu anayekula vya watu na shukurani hana, na njia yangu ilipita mbele ya wifi yangu. Nilipofika karibu yake nilikuwa natabasamu. Hatukusemezana mpaka Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, na hadi leo nikimwambia nilipenda fidla anasema, "Fidla, ee?"

Siku ya nne hatutoki. Wanalala mpaka saa nne, wanakula viporo vya pilau, wanahesabu sarafu zilizobaki sakafuni na kugombana. Mie natia miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, nampigia dada yangu Wete na kumuuliza boti ya kesho ni ya saa ngapi.