Namna ya Kutoa Maoni Kuhusu Utafutaji wa Gesi Baharini Kabla Meli Haijafika

Mvuvi au diwani wa pwani akisikia kwamba kuna kampuni itakayotafuta gesi katika bahari yake, kazi ya kwanza ni kufahamu kitalu, yaani eneo la bahari lililotengwa kwa utafutaji huo, kiko upande gani. Kwa Tanzania Bara, shughuli hiyo inaongozwa na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, ambayo inaiweka petroli yote, yaani mafuta ghafi na gesi asilia, mikononi mwa Taifa. Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC) hushika leseni, kampuni ya nje huingia kama mkandarasi kwa mkataba wa kugawana uzalishaji, na Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA) husimamia; mkondo wa juu ni utafutaji na uchimbaji. Wengi huikimbilia EWURA, kwa kuwa jina lake hulisikia kila bei ya mafuta inapotangazwa, lakini mamlaka hiyo ya udhibiti wa nishati na maji inashughulikia mkondo wa kati na wa chini, yaani usafirishaji, usambazaji na uuzaji. Barua ya kuilalamikia meli ya utafiti ikipelekwa huko imepotea njia. Kitalu kikiwa upande wa Unguja na Pemba, sheria ni ile ya Zanzibar ya mwaka 2016, msimamizi ni ZPRA, mamlaka ya Zanzibar ya udhibiti wa utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, na masuala ya mazingira yako kwa ZEMA, mamlaka ya Zanzibar ya usimamizi wa mazingira.

Kisha ulizeni kazi imefikia hatua gani, kwa sababu kila hatua ina hoja zake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kutumika kibiashara mwaka 2004, yaani miaka 30 baadaye. Kwa hiyo mkutano unaohusu meli ya mitetemo si mahali pa kudai mgawo wa mrabaha (malipo yatokanayo na gesi inayochimbwa), ingawa hapo ndipo mazungumzo mengi hupotelea. Katika hatua hiyo meli hukokota nyaya za vinasa sauti zenye urefu wa kilomita kadhaa na kufyatua hewa iliyoshindiliwa kila baada ya sekunde chache, usiku na mchana, ili mwangwi uoneshe miamba iliyo chini ya sakafu ya bahari. Meli hiyo haiwezi kukata kona ghafla, na nyavu zinazoelea mbele yake hutakiwa kuondolewa. Hoja zenu zianzie hapo.

Mahali pa kuzipeleka ni kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu mradi unaopaswa kufanyiwa tathmini uanze bila cheti, na ripoti hupitiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Binafsi naona hati hii ina manufaa kwa mvuvi kuliko mkataba wenyewe. Mkataba hujadiliwa na wachache mbali na pwani, na hata agizo la Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji ya mwaka 2015 la kuichapisha mikataba limetekelezwa kwa kusuasua, ilhali tathmini inamlazimu mtaalamu elekezi, yaani mshauri anayeiandaa, kuwafuata watu wanaoguswa na mradi. Ombeni kwa maandishi muhtasari wa Kiswahili usio wa kitaalamu, kwani kanuni za tathmini zinauhitaji, na uwafikie kabla ya siku ya mkutano ili usomwe kwa utulivu.

Uzito wa hatua hii ulionekana Afrika Kusini. Mwishoni mwa mwaka 2021 kampuni ya mafuta ya Shell ilitaka kufanya uchunguzi wa mitetemo katika pwani ya Wild Coast kwa haki ya utafutaji iliyotolewa mwaka 2014. Matangazo yalikuwa yamechapishwa magazetini kwa Kiingereza na Kiafrikana, ilhali wenyeji wengi ni wasemaji wa Kixhosa, na mashauriano yaliishia kwa watawala wa jadi. Tarehe 1 Septemba 2022 Mahakama Kuu ya Makhanda iliitengua haki hiyo, na kasoro ya mashauriano ilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Rufaa ilikubali kwamba haki ilitolewa isivyo halali, ila ikasitisha utenguzi huo ili ombi la kuihuisha haki liamuliwe. Sheria zao si zetu. Hata hivyo, mahudhurio yenye sahihi za viongozi pekee yatiliwe shaka popote. Hakikisheni wavuvi, wachuuzi wa samaki na wanawake wanaokusanya pweza wanaandikwa kwa majina na kwa waliyoyasema.

Maoni yaandikwe kwa mambo yanayopimika. Tajeni mwamba kwa jina lake, aina ya samaki, kina na msimu. Bahari tulivu hupendwa na meli za utafiti, na ndiyo hiyohiyo inayowawezesha wavuvi kwenda mbali, kwa hiyo ratiba ni hoja nzito. Nyangumi wenye nundu nao hupita pwani yetu kati ya Julai na Novemba hivi. Kama kitalu au njia ya meli inakaribia Hifadhi ya Bahari ya Mafia au ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ombeni umbali uoneshwe kwenye ramani, msiridhike na neno “mbali”.

Wakati huohuo anzeni daftari la mwaloni, pale samaki wanaposhushwa: tarehe, chombo, zana, mahali, kilo na bei. Anayeanza kuandika baada ya meli kupita hana cha kulinganisha nacho, na madai yake ya fidia hubaki maneno matupu.

Cheti kikitolewa, ombeni nakala ya masharti yake, kwa kuwa humo ndimo ahadi za mkutanoni hugeuka wajibu. Angalieni kama kuna afisa wa mawasiliano na wavuvi, siku ngapi kabla ratiba ya meli itatangazwa, kwa redio gani, na nyavu zilizokatwa zitalipwa kwa utaratibu upi. Sharti lisipotekelezwa, andikeni kwa NEMC na nakala kwa PURA na halmashauri, mkitaja namba ya sharti, saa na mahali, kisha ombeni barua yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.