Likizo ya Msimu wa Joto na Watoto Wadogo: Anza na Nguo, Michezo Itafuata

Likizo za msimu wa joto zikianza, malalamiko huwa yaleyale. "Nimechoka." "Sitaki." "Tufanye nini sasa?" Wazazi wengi wakiyasikia hukimbilia mchezo mpya, na mchezo mpya ukigoma, simu. Mimi nashinda na watoto wa miaka miwili hadi sita, na kabla ya kutafuta mchezo wowote huwa naingiza vidole viwili chini ya ukosi wa mtoto, nyuma ya shingo. Pakiwa pa moto na pana jasho, hakuna mchezo utakaomridhisha. Mvue fulana ile, mpe maji, msogeze kivulini, kisha uone kama bado "amechoka". Mikono na miguu isikudanganye. Joto lake halisi utalijua shingoni na kifuani.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kabatini. Michezo ipo, lakini ina zamu yake.

Hatua ya 1: Pekua nguo kabla likizo haijashika kasi

Mwaga nguo zote nyepesi za mtoto kitandani. Chukua moja moja, igeuze ndani nje, upitishe kidole gumba kwenye mshono wa kwapa, wa mapajani na wa shingo. Ukigusa ukingo mgumu au uzi wa nailoni unaochoma, jua kwamba mtoto ataugusa siku nzima, maana yeye huchuchumaa, hupanda, hujiviringisha. Lebo ya shingoni usiikate nusunusu. Kisiki kinachobaki hukwaruza kuliko lebo nzima. Ifumue kwa kiwembe au mkasi mdogo, uzi kwa uzi, hadi itoke yote.

Halafu mvalishe na umpe majaribio matatu: achuchumae, ainue mikono juu ya kichwa, akimbie hadi ukutani na kurudi. Suruali inayoshuka nyuma anapochuchumaa ataivuta juu likizo nzima. Fulana inayopanda hadi kitovuni itaacha tumbo na kiuno juani. Lastiki ichunguze baadaye, ukishaivua: ikiacha alama nyekundu kiunoni, ibadilishe au umpe mtoto mdogo zaidi nguo hiyo.

Kitambaa nacho kina siri zake. Pamba nyepesi na kitani hupitisha hewa na kunyonya jasho, na hiyo ndiyo sababu tunazipenda. Lakini inua fulana ile kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga unapenya ovyo kati ya nyuzi, ujue mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, nayo inapenya. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba hukinga kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ikilowa kinga yake hupungua zaidi. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana na chenye rangi iliyokolea huzuia mionzi vizuri zaidi, ila rangi nzito nayo hunyonya joto. Mimi huchagua katikati: rangi zilizokolea kiasi, kitambaa kilichobana, na nguo pana ili hewa izunguke mwilini. Nguo zenye alama ya UPF 50 (UPF ni kipimo cha kinga ya kitambaa dhidi ya jua) hupitisha sehemu 1 tu kati ya 50 ya mionzi hiyo; hizo ziweke kwa ajili ya majini na sehemu zisizo na kivuli.

Vitu viwili vitoke kabatini bila mjadala. Cha kwanza ni nguo yenye kamba ya kuvuta shingoni au kwenye kofia yake, kwa sababu kamba hiyo inaweza kunasa kwenye mtelezo au bembea na kumkaba mtoto. Cha pili ni gauni la sherehe lenye bitana ya nailoni, hata kama bibi amelinunua kwa mapenzi. Livaliwe kwa picha, kisha livuliwe.

Asubuhi usimuulize mtoto "Utavaa nini?" Weka mavazi mawili mbele yake, yote yanafaa, achague moja. Ugomvi mwingi wa mavazi huishia hapo.

Hatua ya 2: Kichwa, miguu na ngozi

Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kapelo huficha paji la uso na kuacha masikio na kisogo vikiungua. Kama ina kamba ya kidevuni, iwe aina inayoachia yenyewe ikivutwa kwa nguvu. Mtoto anayetupa kofia kila dakika hatashawishiwa kwa hotuba. Ivae yako kwanza, na sheria iwe fupi: mlango haufunguki kabla ya kofia.

Viatu vya kukimbilia vifunike vidole na viwe na mkanda nyuma ya kisigino. Ndala zibaki za bafuni. Vipime jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, mtoto akiwa amesimama, na uache nafasi ya takriban sentimita 1 mbele ya kidole kirefu.

Losheni ya kukinga jua iwe SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga ya losheni), aina inayokinga mionzi ya UVA na UVB, yaani aina zote mbili za urujuanimno zinazotufikia. Ipake dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, irudie kila baada ya saa mbili, na kila mtoto anapotoka majini na kufutwa. Sehemu zinazosahaulika ni juu ya masikio, kisogo, nyuma ya magoti na juu ya miguu. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi ya asili, lakini nayo huungua. Mtoto aliye chini ya miezi sita ni habari nyingine: kinga yake ni kivuli na nguo nyepesi, na kwa kawaida hapakwi losheni hizi. Na tafadhali usikifunike kigari chake kwa shuka ili "asipigwe na jua". Hewa hukwama ndani, joto likapanda haraka, nawe humwoni.

Hatua ya 3: Igawe siku kwa kufuata jua

Ratiba zenye rangi zinazobandikwa kwenye friji hufa upesi. Ratiba inayodumu ina vipande vitatu tu: asubuhi nje, mchana kivulini au ndani, jioni nje tena. Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na huhitaji kifaa chochote kulipima. Msimamishe mtoto juani atazame kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko yeye, jua ni kali na ni wakati wa kuingia. Mpe kazi hiyo iwe yake. Mtoto wa miaka minne aliyepewa cheo cha mpima kivuli atawaita wenzake ndani kabla yako, tena kwa sauti ya askari.

Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya mwaka 2019 linashauri watoto wa miaka 3 na 4 wapate angalau dakika 180 za kuuchezesha mwili kila siku, 60 kati yake ziwe za kutoa jasho, na muda wa kutazama skrini usizidi saa 1. Dakika 180 zinatisha ukizisoma mara moja. Zigawe kati ya asubuhi na jioni, utaona kwamba mtoto mwenye viatu vizuri huzimaliza bila kuambiwa.

Hatua ya 4: Asubuhi, kimbizeni miili

Hapa sina mengi. Mpira, kamba ya kuruka, kujificha na kutafutana, mistari ya chaki ya kurukia kwa mguu mmoja. Kabla hajapanda mtelezo au kukalia bembea, gusa kwa nyuma ya kiganja chako. Chuma, plastiki nyeusi na raba huweza kuwa moto kiasi cha kuunguza mapaja. Mpe maji kila mnapobadilisha mchezo, asisubiri kiu, kwa sababu mtoto aliyezama kwenye mchezo hasikii kiu. (Aliye chini ya miezi sita hapewi maji, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.)

Hatua ya 5: Mchana, punguza vitu

Wazazi hutandaza vikapu vyote vya vichezeo mchana ili watulie, na ndipo fujo inapoanza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, uliwapa watoto wadogo vichezeo 4 wakati mmoja na 16 wakati mwingine. Walipokuwa na 4 walikaa muda mrefu zaidi na kila kimoja na kukichezea kwa njia nyingi zaidi. Kwa hiyo gawanya vichezeo katika mafungu, acha fungu moja nje, mengine yafiche, na ubadilishe mtoto anapoacha kulitazama.

Mimi napendelea zaidi vikorokoro kuliko vichezeo. Boksi kubwa, vifuniko, vipande vya kitambaa, mabomba ya kadibodi, vibanio vya nguo. Kitu kisicho na kazi maalumu hupewa kazi na mtoto mwenyewe: boksi ni basi, kesho ni duka, keshokutwa ni hospitali ya midoli. Kazi yako ni kukata dirisha panapotakiwa dirisha, kisha kukaa kimya. Hilo la kukaa kimya ndilo gumu. Ukiuliza "Hii ni nini?" kila dakika mbili, mchezo hugeuka mtihani. Chunga tu vitu vidogo vinavyoingia kinywani kwa walio chini ya miaka mitatu.

Nguo ya saa hizi ni fulana moja nyepesi na kaptura, bila soksi, au nepi peke yake kwa mdogo kabisa kama nyumba ni ya moto. Na akisema amechoka huku shingo yake imepoa na ameshakunywa maji, usikimbilie kumwokoa. Mpe muda wa kugaagaa. Mara nyingi mchezo bora wa siku huzaliwa baada ya kugaagaa huko.

Hatua ya 6: Beseni la maji

Kama ningeambiwa nibaki na mchezo mmoja likizo nzima, ningebaki na huu. Weka beseni pana kivulini, juu ya majani au taulo ili sakafu isiteleze. Maji yawe kidogo, ya vuguvugu. Ongeza vikombe viwili vya ukubwa tofauti, upawa, chujio na sponji. Basi.

Tazama kinachotokea. Mtoto anajaza kikombe kikubwa, anayamimina maji kwenye kile kidogo, kinafurika. Anarudia. Anajaribu kuchota kwa chujio, maji yanamtoroka, anakunja uso, anaziba matundu kwa kiganja cha mkono wa pili. Sponji inaingia majini, inaminywa juu ya goti, anacheka. Mambo yakianza kulegea ongeza kitu kimoja tu: tone la sabuni, jiwe, au barafu yenye ua ndani yake uliyoigandisha usiku. Usiongeze vyote.

Sasa upande usio na mzaha. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita 5, tena kimyakimya, bila kelele wala kurusha mikono. Uwe umbali wa mkono wako, si umbali wa sauti yako. Ukiitwa mlangoni, mbebe uende naye. Mchezo ukiisha, mwaga maji yote papo hapo na ulifudikize beseni.

Avae kaptura ya kuogelea na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea kama kuna jua lolote. Mkienda bwawani, vazi liwe la rangi inayopiga kelele, kama chungwa au waridi kali. Bluu na nyeupe humezwa na maji usimwone. Mkimaliza mvue mara moja. Nguo mbichi ikikaa kwenye mapaja na makwapa huchubua, na kesho yake atakataa maji akidhaniwa ameanza kuyaogopa.

Hatua ya 7: Jua kutofautisha uchovu na hatari

Harara, vile vipele vidogo vya shingoni na mgongoni, hutokea vinyweleo vya jasho vinapoziba. Mpoze kwa maji, mkaushe kwa kumgusagusa, mwache na nguo chache, na usimpake mafuta mazito. Mkojo wa rangi nzito au nepi inayokaa kavu kwa muda mrefu ni ishara ya kupungukiwa maji. Lakini mtoto akiwa wa moto sana, akatapika, akalegea, akawa mgumu kuamka au akaongea yasiyoeleweka, hiyo ni dharura: ita msaada wa matibabu mara moja, na huku unasubiri mvue nguo, mloweshe maji ya baridi kiasi na umpepee.

Na gari lililofungwa lisiwe chumba cha kusubiria hata kwa "dakika moja tu". Juani, joto ndani yake linaweza kupanda kwa karibu nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana.

Hatua ya 8: Jioni, andaa kesho

Kivuli kikirefuka, tokeni tena. Mbu wakianza, mvalishe suruali ndefu pana na mikono mirefu ya kitambaa chepesi. Baada ya kuoga, nguo ya kulalia iwe safu moja tu, na upime shingo tena kabla hujazima taa.

Akishalala, panga mfuko wa kesho karibu na mlango: kofia, losheni, chupa ya maji, seti kamili ya nguo kavu na mfuko wa plastiki wa kutilia mbichi. Viatu vya leo vikung'ute mchanga kwanza.